Kumi na Nne Ikae Nje

Siwema hakuwa mtoto wa kukimbia. Hata ukimwita kuwa ugali umeiva alikuja kwa hatua za bibi harusi, na mvua ikimkuta njiani alitembea tu, akisema mvua haina meno. Kwa hiyo Ndayikunda alipomwona siku ile anatimua mchanga wa mwalo wa Ujiji, sketi ya shule kaishika mkononi, anaruka dagaa walioanikwa kama mbuzi aliyeona chui, hakungoja kuuliza habari. Aliangusha reki. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Kushoto mitumbwi, kulia mitumbwi, mbele maji mpaka Kongo. Mtu mrefu kama yeye hakuwa na pa kujificha, labda asimame wima ajifanye mlingoti.

"Wamekuja?" aliuliza.

"Nani?" Siwema alihema.

"Wenye gari."

"Gari gani tena? Mwalimu Dismasi anakuita."

Moyo wa Ndayikunda ukarudi mahali pake, ukakaa kidogo, kisha ukaondoka tena. Mwalimu Dismasi alikuwa mwalimu wa hesabu wa darasa la saba. Hawakuwa wamewahi kuonana. Sasa mtu ambaye hajakuona anakuitaje?

Huo ulikuwa mwaka wa misako. Aliyevuka kutoka Burundi mahali pake palikuwa kambini, na aliyekutwa mjini bila kibali alipandishwa karandinga, akarudishwa huko kabla chai yake haijapoa. Wengine waliogopa kambi kwa ajili ya mahindi ya msaada yanayopasua meno. Ndayikunda alikuwa ameyala miezi minne na meno yake yalikuwapo yote. Yeye alichoogopa ni wanaume fulani waliopita katikati ya mahema mchana kweupe, wapole, wana daftari dogo la mfukoni, wakitafuta vijana wenye mabega ya kubeba bunduki wavushwe tena mpaka. Walimuuliza jina. Wakaandika. Wakampiga bega: "Jiandae." Rafiki yake Gahungu aliwaambia yeye hajiandai. Asubuhi hema la Gahungu lilikuwa tupu na viatu vyake viko mlangoni, vimepangwa vizuri. Siku hiyohiyo Ndayikunda alitoka kuchota maji, akaendelea kutembea, na ndoo akaja kuitua Ujiji.

Aliyempokea ni Bibi Leonia, muuza dagaa, bibi yake Siwema. Hakumuuliza mengi. "Hapa Ujiji," alisema, "ukimtikisa mtu yeyote anadondosha babu kutoka ng'ambo." Akampa reki ya kugeuzia dagaa, kona ya kulala, na jina jipya: Jonathan. Akampa na kijiji. Kwa kuwa Kiha na Kirundi ni mtu na ndugu yake, Ndayikunda angekuwa Muha wa Kasulu, wa Heru Juu.

"Wakikuuliza kwa nani?"

"Kwa... sijui, Bibi."

"Kwa Mzee Bonifasi, jirani na kanisa."

"Yupo kweli?"

"Mwanangu, hakuna kijiji cha Kasulu kisicho na Bonifasi jirani na kanisa."

Hesabu zilianza kwa bahati mbaya. Siwema alirudi shule siku moja na tatu kwa hamsini, akajifungia chooni kulia, na choo kilikuwa kimoja. Ndayikunda, ambaye kwao alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu amalize chuo cha ualimu, alimtoa kwa maneno matamu, akamkalisha mchangani, akamwambia agawe dagaa mafungu. Kumbe mtoto alikuwa na akili kama wembe, ila hakuna aliyemwonyesha kwamba namba ni vitu. Wiki iliyofuata alikuja na rafiki. Kisha rafiki wa rafiki. Mwisho wakawa kumi na mmoja, na ndio haohao waliokuwa wakishika nafasi kumi na moja za mwisho darasani. Wenzao waliwaita Timu ya Taifa. Kila jioni walikuja kugeuza dagaa wa Bibi Leonia, na ujira wao ulikuwa hesabu.

Ndayikunda aliwaandikia kwa kijiti mchangani, pale maji yanapofika. Alijiona mjanja sana. Karatasi ni ushahidi, ubao ni ushahidi, lakini wimbi likipita mara mbili nani atajua kuwa mtu alifundisha hapa? Kila kipindi kilipoisha aliyatazama maji yakilamba namba zake akalala usingizi mzuri. Hakukumbuka kwamba mchanga haukuwa mwanafunzi. Wanafunzi walikuwa kumi na mmoja, na kile kilichoingia vichwani mwao hakikufutwa na ziwa.

"Tulifanya jaribio juzi," Siwema alisema, akimfungulia daftari. "Angalia. Thelathini na nane! Mimi! Bibi akiona atazimia."

Ndayikunda aliangalia. Jibu sahihi, jibu sahihi, jibu sahihi. Na chini, kwa wino mwekundu, kwa mwandiko mdogo ulionyooka: *Aliyekufundisha njia hii aje ofisini kwangu kesho, saa nane mchana.*

"Njia gani?"

"Ya kugawanya. Wenzetu wametucheka. Wanasema tunagawanya kinyumenyume."

"Kinyume vipi? Kwani ninyi hapa mnagawanyaje?"

Siwema akaokota kijiti. Akachora namba kubwa, akaijengea kaukuta na paa. Ile namba ndogo ya kugawanyia akaiweka nje, kushoto. Jibu akalipandisha juu ya paa. Kisha akaanza kushuka, anaandika kila anachotoa, mstari kwa mstari, mpaka hesabu ikawa na mkia mrefu kuliko wa mamba.

Ndayikunda alitazama kama anayeonyeshwa sura yake mwenyewe iliyogeuzwa. Kwao namba ndogo ilikaa kulia, ndani ya msalaba wa mistari miwili, na jibu likalala chini yake. Kutoa kulifanyika kichwani. Kilichoandikwa ni masalio tu. Hivyo ndivyo alivyofundishwa yeye, na mama yake, na kila mtoto aliyewahi kuchapwa kwa ajili ya kugawanya ng'ambo ile ya mpaka. Katika miezi yote hiyo alikuwa amechunga ulimi, amechunga matamshi, amejizuia hata kupiga chafya kwa namna ya kwao. Lakini hesabu? Nani angedhani kugawanya kuna kwao? Alijua hesabu ni hesabu, kama maji ni maji.

Na sasa madaftari kumi na moja yalikuwa yamepita mikononi mwa mtu, kila moja likisema anakotoka yeye.

"Ya wenzako yako wapi?" aliuliza taratibu.

"Ameyachukua yote. Langu amenirudishia nikuletee tu. Amesema na lenyewe lirudi." Siwema alimwangalia usoni, na kile kicheko chake kikazimika kidogokidogo. "Mwalimu Jona, nimekosea?"

"Hujakosea kitu. Umepata thelathini na nane."

Bibi Leonia alisikiliza habari yote bila kuacha kupepeta dagaa. "Ukikimbia," alisema, "watasema alikuwa na la kukimbia. Watakuja kukuulizia hapa, watanikuta mimi, na mimi miguu yangu unaiona. Utakwenda. Utavaa shati la marehemu mume wangu."

Marehemu alikuwa mfupi. Kesho yake Ndayikunda alikatiza mtaa wao wa Buzebazeba akiwa na mikono ya shati inayoishia karibu na viwiko, daftari la Siwema kwapani, na Siwema mwenyewe kamshika mkono, mkavu kama mtu anayepeleka ng'ombe mnadani. Kwenye njia panda wakaliona. Karandinga, nyuma wazi, mgambo wawili wamesimama kila upande. Ndani walikuwa wamekaa watu kama kumi, kimya. Mama mmoja alikuwa amepakata sufuria. Mvuke ulikuwa bado unatoka.

"Usiwaangalie," Siwema alinong'ona. Kisha akapaza sauti ya kusikika mpaka gulioni: "Mwalimu! Niulize! Au nikuulize mimi! Saba mara nane?"

Mgambo mmoja aligeuka.

Ndayikunda alifungua mdomo. Saba mara nane aliijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Akaitafuta. Haikuwepo. Kichwani kulikuwa na viatu viwili tu, vimepangwa mlangoni.

"Hamsini na... nne," alisema.

"Umekosa, Mwalimu!" Siwema alicheka kwa nguvu. "Hamsini na sita! Leo utachapwa wewe!"

Mgambo akacheka naye. "Mwalimu gani huyo, mtoto anamfundisha!" Wakapita. Baada ya nyumba tatu ndipo Ndayikunda alipogundua kwamba mkono unaotetemeka kati ya mikono yao miwili haukuwa wake peke yake.

Mwalimu Dismasi hakuwa mtu wa kelele. Watoto walisema akikasirika anapunguza sauti, na akikasirika kabisa husikii kitu. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi, hakina mkunjo wa Kiha wala wa Kimanyema. Ungedhani ni taarifa ya habari. Alimwacha Siwema barazani, akamwingiza Ndayikunda ofisini, akafunga mlango. Halafu akazungusha ufunguo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa." Kiti kilikuwa kimoja na alikikalia mwenyewe. Mezani madaftari kumi yalikuwa yamepangwa. Ndayikunda akaliweka la kumi na moja juu yake bila kuambiwa, kama anayetoa silaha. Mwalimu akamnyooshea chaki.

"Elfu tatu mia moja tisini na mbili, gawanya kwa kumi na nne."

Ndayikunda akasogea ubaoni. Alikuwa amekaririshwa na Siwema jana yake mpaka giza. Akaandika 3192. Akajenga ukuta, akaezeka paa. Akaweka kumi na nne nje, kushoto. Vizuri. Kumi na nne kwenye thelathini na moja ni mara mbili. Mbili sasa inakwenda... chaki ikasimama hewani. Ikashuka. Ikapanda. Jasho lilimtiririka mgongoni, shati la marehemu likamganda. Alikuwa mtu mzima mwenye miaka ishirini na minne, na hakujua aiweke wapi mbili.

"Acha," Mwalimu alisema. Sauti ilikuwa imepungua. "Fanya kwa njia yako."

"Hii ndiyo..."

"Yako, nimesema."

Sasa kulikuwa na faida gani? Mlango umefungwa, dirisha lina nondo. Ndayikunda alichora msalaba wake, kumi na nne kulia, akashuka: thelathini na tisa, mia moja kumi na mbili, sifuri. Chini ya kumi na nne pakakaa jibu, mia mbili ishirini na nane. Haikumchukua muda wa kumeza mate. Akaiweka chaki, akageuka, akasubiri mgambo waitwe.

Mwalimu Dismasi aliinuka. Akaufuta ubao wote. Akachukua chaki ileile, akaandika 3192, na mkono wake ukaenda kulia. Msalaba. Kumi na nne. Thelathini na tisa, mia moja kumi na mbili, sifuri. Aliandika haraka, kama mtu anayeteremka njia ya kwao gizani, anayejua kila jiwe liko wapi. Kisha akaifuta kwa kiganja, dasta iko pale pale karibu yake.

"Sijaandika hivyo tangu mwaka sabini na mbili," alisema. "Nilikuwa darasa la sita, Nyanza-Lac, ng'ambo. Tulivuka usiku mmoja, mimi na mama. Mke wangu anajua mimi ni mtu wa Manyovu, upande huu. Watoto wangu wanajua hivyo. Mwalimu mkuu anajua hivyo." Alikuwa ananong'ona sasa. "Siku mbili sijalala kwa ajili yako. Nilipofungua daftari la kwanza nilidhani nimeandika mimi usingizini."

Ndayikunda alitaka kucheka, na alitaka kukaa chini, na kiti kilikuwa kimoja.

"Ntutinye, mwana wanje," Mwalimu alisema. Usiogope, mwanangu. Maneno yalimtoka kwa kutu, na mwenyewe akashtuka kuyasikia, akatazama dirishani.

Na hapo ndipo sauti ya Siwema ilipopasuka barazani, kali kama filimbi: "SHIKAMOO MZEE WA GARI!"

Mwalimu akazungusha ufunguo kimyakimya na kurudi kitini. Hodi ikapigwa, mlango ukafunguka, akaingia mtu mnene mwenye kofia mkononi na jasho shingoni. Ndayikunda alimjua. Buzebazeba nzima ilimjua. Bwana Selestini, mkubwa wa wakagua vibali. Mfuko wa shati lake ulikuwa umetuna, na juu ya mfuko ilichungulia kona ya daftari dogo.

"Mwalimu, samahani, nafuata ile orodha ya wanafunzi mliyoambiwa muiandae. Jua hili litatuua." Akakaa juu ya meza, pembeni ya madaftari. "Na huyu?"

"Jonathan," Mwalimu alisema, na Kiswahili chake kilikuwa kimesharudi kwenye pasi. "Ananisaidia watoto wanaoshindwa hesabu."

"Wa wapi?"

Swali lilikuwa la Ndayikunda kujibu. "Kasulu, mzee. Heru Juu."

"Heru Juu!" Bwana Selestini alimgeukia mwili mzima. "Mama yangu kazaliwa Heru Juu! Kwa nani?"

Kiganja cha Mwalimu, bado cheupe kwa chaki, kilijikunja taratibu chini ya meza.

"Kwa Mzee Bonifasi. Jirani na kanisa."

Nzi alitembea juu ya daftari la Siwema.

"Bonifasi," Bwana Selestini alisema. "Bonifasi... yule mwenye kikohozi?"

"Kimepungua sasa, mzee."

"Afadhali! Kikohozi kile kilikuwa kinakatisha misa!" Akacheka, na Ndayikunda naye akatoa sauti fulani, ambayo Mungu aliihesabu kuwa kicheko. Halafu, kwa kutojua tu afanye nini na mikono yake, yule bwana akaokota daftari la juu. Akalifungua. Akapekua ukurasa, akapekua mwingine. Kidole chake kinene kikatua juu ya msalaba wa Siwema, hasa pale mistari miwili inapokutana, kikabaki hapo.

"Hii ni nini?"

Ndayikunda alisikia maji ya ziwa masikioni, na ziwa lilikuwa mbali.

"Mwalimu. Nauliza, hii hapa ni nini?"

"Ni kugawanya," Mwalimu Dismasi alisema. Ndayikunda aliona midomo inacheza, sauti hakuisikia vizuri.

"Kugawanya!" Bwana Selestini akalifunga daftari kwa kishindo kama aliyekuta nyoka ndani, akalirudisha juu ya mengine, akalisukuma mbali kwa ncha ya kidole. "Toa huko! Hapo ndipo mimi nilipoachana na hesabu, darasa la nne, na tangu siku hiyo hatujasalimiana. Mpaka leo nikiona ile mistari tumbo linaniuma." Akajifuta shingo. Aliposema tena sauti ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. "Msidhani nacheka. Binti yangu Elida yuko darasa la sita pale Gungu. Karithi kwangu. Jana kapata mbili, kalala bila kula, na mimi babake nimekaa na lile daftari sijui hata nilishike upande gani. Wewe kijana. Hawa uliowafundisha walikuwaje?"

"Walikuwa wa mwisho, mzee."

"Na sasa?"

"Thelathini na nane," Mwalimu alisema. "Kwa hamsini."

Bwana Selestini akamtazama Ndayikunda kutoka viatuni mpaka kwenye mikono ya shati. Kisha akaingiza vidole mfukoni, akatoa daftari dogo, akalowesha kidole kwa ulimi. Ndayikunda alizitazama karatasi zikipita: majina, majina, majina.

"Jonathan nani?"

"Jonathan Bonifasi."

Akaandika, anatamka kila neno. "Jonathan. Heru Juu. Hesabu. Jumamosi, saa nne." Akafunga. Akampiga bega. "Jiandae. Usihangaike na njia, nitakufuata mwenyewe kwa gari. Unakaa wapi?"

"Kwa... kwa Bibi Leonia, muuza dagaa. Buzebazeba."

"Nitapajua," alisema Bwana Selestini, akachukua orodha yake, akatoka.

Walisikiliza viatu vyake mpaka vikaisha. Walisikiliza injini ikikataa, ikikubali, ikienda. Siwema alichungulia mlangoni, akawaona wote wawili hawajasogea, akarudisha kichwa nje bila mzaha hata mmoja.

"Nitaondoka leo," Ndayikunda alisema. "Nitapanda mtumbwi wowote."

"Kisha Jumamosi saa nne atafika kwa bibi yule, akukose, na jina lako analo. Ataanza kuuliza." Mwalimu Dismasi alikuwa amefungua kiganja, chaki ilikuwa imevunjika vipande vitatu ndani yake. "Na yule mtoto wake siku moja atakaa na mwalimu wake wa Gungu, atafungua daftari. Mwalimu huyo hakuachia hesabu darasa la nne. Ataona mstari uko upande gani." Akachagua kipande kirefu, akamnyooshea. "Leo Jumatano. Una siku tatu."

Ndayikunda akakichukua. Akasimama mbele ya ubao kama mtoto wa darasa la nne, na nyuma yake akasikia kiti kikivutwa karibu.

"Inayogawanywa inakaa ndani, chini ya paa," Mwalimu alisema taratibu. "Inayogawanya inakaa nje, mlangoni, kushoto. Kwetu iliingia ndani. Huku inakaa nje. Usisahau. Kumi na nne ikae nje."

Ndayikunda akaandika 3192. Akaambia mkono wake uende kushoto. Nje, barabarani, gari lilipita, likapunguza mwendo, na kabla hajajua kama linasimama au linakwenda mkono ulikuwa umeshachora msalaba, kulia, mzuri, ulionyooka.

Mwalimu Dismasi akainuka na dasta. Akaufuta.

"Tena," alisema.